Profesa Ntiro asisahaulike

Ndugu Mhariri,

Inaniuma kuona wanafunzi wa sanaa hawamjui Profesa Sam Ntiro, mchoraji mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro, aliyefariki mwaka 1993. Alisoma Chuo cha Makerere, Uganda, na chuo cha sanaa cha Slade, London, akawa balozi wetu wa kwanza Uingereza baada ya Uhuru.

Mchoro wake wa mwaka 1956, wanaume wakipeleka mbege, pombe ya ndizi, usiku kwa bibi harusi, uko katika jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York. New York, si Moshi! Alikuwa Mkristo, na hata habari za Biblia alizichora. Yeye na mkewe Sarah, msomi wa Uganda aliyesoma Oxford, walijaliwa wana wawili.

Naiomba wizara iweke michoro yake kwenye vitabu vya shule, tena kwa rangi zake halisi.

Mwalimu wa sanaa,
Moshi