Paka wangu ana kifafa, dawa imesaidia ila inamlewesha mno

Shikamoo daktari, na wasomaji wenzangu habarini za leo. Mi niko Tanga, nina paka jike anaitwa Kibibi, mkubwa tu wa miaka minne, ana kifafa. Mwanzoni tuliogopa kala sumu ya panya au kapakwa ile dawa ya viroboto ya mbwa yenye pemethrini maana paka ikimpata anatetemeka hadi anakufa, lakini hakuna kati ya hivyo, daktari wa mifugo akampima sukari, ini na figo vyote viko sawa akasema basi tutibu kifafa.

Akapewa fenobabitoni, vidonge hivi hivi vya binadamu vya 30 mg, robo kidonge saa moja asubuhi, robo kidonge saa moja jioni. Wiki mbili za mwanzo alilala sana afu akazoea, tukashukuru. Baadae akaanguka tena vibaya, taya linagongana, povu, kajikojolea, akizinduka anajigonga ukutani kama haoni, ndo daktari akapandisha dozi ikawa nusu mara mbili. Toka hapo hajaanguka kabisa, hilo nalishukuru sana jamani. Ila paka mwenyewe simtambui. Miguu ya nyuma inapishana akitembea, alikua anaruka juu ya friji kwa mruko mmoja sasa hivi hata kwenye kiti anakadiria weee anaruka anadondoka. Na njaa! Anafunua sufuria ya dagaa, ugali anakula, paka ambaye zamani hata samaki wa jana alikua anakataa. Maji anakunywa bakuli zima na mchanga wake wa choo unalowa kila saa. Alikua kilo 4 sasa kafika 5.

Daktari anasema kuna kipimo cha kuangalia dawa ni kiasi gani kwenye damu, inatakiwa iwe kati ya maikrogramu 15 na 45 kwa mililita, ila maabara niliyoulizia huku haifanyi, wanasema damu ipelekwe Dar na hela yenyewe bado naitafuta. Nyumbani mama ananiambia achana na madawa unamtesa mnyama. Mi siwezi, hii dawa ukiikata ghafla kifafa kinarudi kwa kufululiza na anaweza kufa, hata kupunguza ni taratibu tena kwa maelekezo. Kuna mwingine kanishauri nimpe diazepamu ya vidonge kila siku, nimekataa, paka inaweza kumuua ini ndani ya siku chache. Na bromaidi wanayopewa mbwa inawaletea paka shida ya mapafu.

Sasa naomba ushauri. Hivi huku kuyumba baada ya dozi kupanda kunaisha kwenyewe au mpaka dozi ishuke? Kipimo kikichelewa, daktari anaweza kumshusha kidogo, labda nusu usiku na robo asubuhi, bila kifafa kurudi? Nasikia pia kuna levetirasetamu, ile Keppra, dawa nyingine ya kifafa, haileweshi sana, lakini ni kila baada ya saa nane, yaani saa moja asubuhi, saa tisa mchana, saa tano usiku, na saa tisa mi niko kazini na nyumbani ni mama peke yake ambaye hata kumshika Kibibi anaogopa. Wenye paka wa hivi mnafanyaje hiyo dozi ya mchana?

Na chakula nimpe kiasi gani? Nimeanza kumgawia kidogo kidogo, kuku wa kuchemsha bila chumvi, lakini analia mlangoni usiku kucha na roho inaniuma, sijui ni njaa kweli au ni dawa tu inamdanganya. Nikimnyima namkosea? Naombeni majibu hasa kwa ambaye paka wake ameitumia hii dawa muda mrefu.