Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro: kabla ya lango na tiketi, tupatie ubao wa kina

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

YAH: SAFARI ZA WAGENI KWA MTUMBWI KATIKA MTO KILOMBERO

Salaam kutoka Ifakara. Utalii wa bonde hili ukizungumzwa, haipiti dakika kabla mtu hajataja lango, kibanda cha tiketi na hoteli. Sisi tunaomba kitu cha bei ndogo kuliko hivyo vyote, na kitangulie: ubao wa kupimia kina cha maji, wenye alama za sentimita, uliofungwa mtoni karibu na daraja, ukisomwa kila asubuhi. Bila ubao huo hakuna mwenye msingi wa kumwambia mgeni "leo twende" au "leo tubaki".

Sababu ni kwamba maji ya Kilombero si ya Ifakara. Ruhudji na Mnyera zinateremka kutoka nyanda za juu za Njombe na Mufindi. Kihansi na Lumemo zinatoka Udzungwa. Mvua ikipiga huko, hapa jua linawaka, watu wanaanika nguo, na mto unapanda kimya kimya. Mgeni anayeangalia mbingu anadanganyika. Wataalamu wa maji wanalijua hili siku nyingi, maana kituo cha kupimia mto pale Swero kilianza miaka ya 1950. Lakini vipimo vile vilikuwa vya wahandisi. Mpiga pondo, yule anayesukuma mtumbwi kwa mti mrefu, hakuwahi kuwa na namba ya kumwonyesha mgeni anayesema amelipa nauli kutoka Dar es Salaam na lazima aende.

Ubao wenyewe usiwe mmoja mrefu. Ubao wa mita sita hugongwa na magogo masika ya kwanza tu, ukalala. Viwe vipande vitatu au vinne vya mita mbili mbili, vikipanda ngazi kutoka chini ya ukingo kwenda juu, na kila kipande kianzie kidogo chini ya pale cha chini yake kinapoishia. Sifuri iwe chini ya maji ya Oktoba, la sivyo wakati wa kiangazi utasoma mchanga. Uwekwe sehemu ambayo mto umenyooka. Kwenye kona, upande wa nje ukingo unamong'onyoka na kuondoka na nguzo, upande wa ndani mchanga unajaa na kuufukia. Kisha rangi tatu: kijani, njano, nyekundu. Tafadhali rangi zisipangwe kikaoni. Mwaka mmoja mzima namba isomwe saa moja asubuhi, itumwe kwenye kundi la WhatsApp, na wapiga pondo waandike siku hiyo wamepita wapi na wameshindwa wapi. Rangi zitajipanga zenyewe.

Kuhusu miezi, tunajua watu wa matangazo wanapenda kusema "mwaka mzima". Si kweli. Machi na Aprili kingo hupotea, mto na mbuga vinakuwa maji mamoja, na visiwa vya matete na mafunjo vinang'oka na kuelea hadi vinaziba njia uliyopita jana. Kivuko kizima kilipinduka mtoni humu Januari 2016, wakati wa mvua na upepo. Mtumbwi wa mti mmoja utaupeleka wapi? Juni na Julai ndiyo miezi ya kazi hii: maji yanarudi mtoni, mikono ya pembeni bado ina kina, ndege wamejaa. Kuanzia Septemba mchanga unatokeza, mtumbwi unaburutwa zaidi ya unavyoelea, na viboko wote wanabanana kwenye madimbwi machache yaliyobaki. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa kuliko masika, ingawa mto unaonekana mpole.

Kuhusu viboko tuseme kwa urefu kidogo, maana ndilo swali la kwanza la kila mgeni, na majibu anayopewa mara nyingi ni ya kumfurahisha. Kabla ya kuingia dimbwini, mtumbwi husimama upande wa maji machache, pondo likiwa limechomekwa chini kuushikilia. Mpiga pondo anagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi, mara tatu nne, taratibu. Kiboko akisikia huibuka kuangalia. Unahesabu masikio. Kisha unasubiri dakika tano, kwa sababu kiboko anaweza kukaa chini muda kama huo, unahesabu tena, na unashika hesabu iliyo kubwa. Wakishajulikana walipo, unapita kwenye maji machache na kuwaachia wao kina, kwa kuwa kiboko akishtuka hukimbilia kwenye kina. Ukiwa juu ya kina hicho, umekaa njiani mwake. Vivyo hivyo usikae kati ya kiboko aliye nchi kavu na mto. Alfajiri anarudi kutoka malishoni, kwa hiyo safari zianze saa mbili asubuhi. Wapiga picha hulalamika kwamba mwanga mzuri umepita. Mwanga wa alfajiri waupigie picha wakiwa ukingoni, mahali pa juu, mbali na mapito ya viboko.

Ndiyo maana kuhusu kayaki msimamo wetu hautawapendeza wote. Kayaki imekaa chini sana majini, mtu yuko peke yake, na haina wa kusimama mbele aone mbali. Tungeziruhusu Juni na Julai pekee, kwenye mikono ya pembeni iliyokaguliwa asubuhi hiyo hiyo, na ziwe zile za kukaa juu zenye matundu ya kutolea maji, maana zile za kuingiza miguu ndani zikipinduka mwanafunzi hajui atokee wapi. Anayetaka kujifunza kupiga kafi aanzie Ziwa Duluti kule Tengeru, ambako hakuna mkondo wala kiboko.

Mtumbwi wetu nao una masharti yake. Ukipakiwa, kutoka maji hadi ukingo wake ibaki shibiri moja. Ikipungua hapo, mtu ashuke, hata kama ni bosi. Wageni wawili, wapiga pondo wawili, basi. Wageni wakae chini kabisa, si kwenye ndoo iliyogeuzwa. Ndani kuwe na kupo mbili za kuchotea maji yanayoingia, na kafi moja ya akiba, kwa sababu pondo likinasa matopeni dawa ni kuliachia. Anayeling'ang'ania hubaki nalo huku mtumbwi ukiondoka chini ya miguu yake. Mtumbwi ukisukumwa ubavu kwenye kisiki, wote waegemee upande wa kisiki. Mwili unataka kukikimbia, na ukikikimbia maji yanaingia upande wa pili. Mtumbwi usiachwe juani ukauke: ufa huanzia kwenye ncha, na kalafati, yaani kiziba ufa, haidumu juu ya ufa unaoendelea kufunguka. Wazee huuzamisha nusu, au huuweka kivulini.

Jaketi okozi tunaziona zinanunuliwa kwa rangi. Kwa asiyejua kuogelea, na wageni wengi ni hao, inatakiwa yenye nguvu ya kumwelesha mtu ya nyutoni 100. Ile ya 50 ni ya mtu anayejua kuogelea. Mvalishe, ishike mabegani, inyanyue: ikipanda hadi masikioni ni kubwa kwake. Ya mtoto iwe na mkanda wa kupita kati ya miguu. Jua huila kitambaa kabla sponji haijaharibika, hivyo zitundikwe ndani, mbali na petroli na panya.

Sasa la ofisi, ambalo liko mikononi mwako. Maji ni ya Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, pori la akiba ni la TAWA, mamlaka ya wanyamapori, usalama wa vyombo unaangaliwa na TASAC, shirika la uwakala wa meli, na kingo tunazoteremkia ni za vijiji na halmashauri. Kila mmoja ana haki yake. Tatizo ni mgeni asiyejua aanzie mlango upi, na mpiga pondo anayeulizwa karatasi tofauti kila anapotia nanga. Tunaomba kikao kimoja chini yako, kitoke na kibali kimoja chenye mgao unaojulikana, na mtihani wa waongozaji ufanyike majini kwa Kiswahili. Mndamba, mwenyeji wa bonde hili, aliyevua kambale hapa miaka thelathini asishindwe kwa sababu ya karatasi ya Kiingereza.

Na matangazo yaseme ukweli. Bonde hili liliingia kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani, mwaka 2002, hekta 796,735, lina sheshe, swala wa mbuga za majimaji, na lina kwera wa Kilombero, ndege aliyetambuliwa kitaalamu mwaka 1990 tu na anayejenga kwenye matete ya mto huu. Lakini kuna pia mashamba ya mpunga na ng'ombe hadi majini, na mgeni atawaona kabla hajaona sheshe. Akiambiwa mapema hatalalamika. Mitumbwi isipite ndani ya matete yenye viota. Ipite nje, pondo likae kimya.

Kipande cha chini cha ubao kinaweza kufungwa Oktoba pekee, maji yakiwa chini kabisa. Mvua za Novemba zikianza, tutasubiri mwaka mwingine. Kwa hiyo kikao tunachokiomba kingefaa kifanyike kabla Septemba haijaisha.

Wako katika kazi,
Wapiga pondo, waongoza wageni na mafundi mitumbwi wa Bonde la Kilombero