Tangazo la Maji Likichelewa, Tanki Limeshajaa

Hivi karibuni tuliitwa Tabata kuosha simtanki la lita 2,000 kwenye nyumba ya wapangaji sita. Fundi alipofungua mfuniko na kumulika tochi, chini kulikuwa na tope la rangi ya chai ya maziwa, kina chake vidole viwili. Mama mmoja akatutolea mashati ya shule ya mwanawe: aliyaloweka meupe, yakatoka na madoa ya kahawia. Maji yalikuwa yamekatika siku mbili kwa matengenezo. Yaliporudi usiku yalibeba uchafu wa bomba, na boya, kile kifaa kinachofungulia maji yaingie tankini, likayapokea yote watu wakiwa wamelala.

Taarifa ya matengenezo hayo ilitumwa. Ilikwenda kwenye simu ya mwenye nyumba, maana mita imeandikishwa kwa namba yake, naye anaishi Morogoro. Nyumba za namna hiyo tunazikuta Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto, na kila mara inatuuma, kwa sababu anayekunywa maji ndiye wa mwisho kujua.

Wenzetu Marekani wameliwekea jambo hili kanuni, chini ya Sheria ya Maji Salama ya Kunywa ya mwaka 1974. Maji yakigundulika kuwa na hatari ya haraka, mfano vimelea vya kinyesi, mtoa huduma ana saa 24 tu za kutangaza: kwa redio au televisheni, kwa kubandika matangazo, au kupita mlango kwa mlango. Na tangazo linatakiwa limfikie kila anayetumia maji hayo, hata kama bili haiji kwa jina lake. Ndani yake huwa na ombi kwa msomaji awaambie na wengine, wakiwemo wapangaji na wanafunzi. Hicho ndicho kipengele tunachokitamani kuliko vyote.

Maneno ya tangazo nayo yana uzito. Mwaka 2014 mji wa Toledo, jimbo la Ohio, ulipata sumu ya mwani kutoka Ziwa Erie kwenye maji ya bomba. Watu zaidi ya laki nne waliambiwa wasiyanywe wala wasiyachemshe, kwa kuwa kuchemsha huipa sumu ile nguvu zaidi. Sisi tumezoea kwamba ukichemsha umemaliza. Kwa vimelea ni kweli, maji yakitokota dakika moja yanatosha. Kwa kemikali si kweli, ndiyo maana tangazo lazima litaje tatizo lenyewe.

Kwa Dar es Salaam saa ya kuwa macho ni ile maji yanaporudi. Anayekumbuka mgao wa mwishoni mwa 2022, Mto Ruvu ulipopungua, anajua bomba hukaa tupu siku nzima. Bomba tupu halina presha ya kuzuia uchafu, kwa hiyo penye ufa linanyonya maji machafu ya nje. Jirani akiwasha pampu inayovuta moja kwa moja kwenye bomba la mtaa, ndiyo inazidi.

Kwa hiyo sasa kila tanki tunaloosha tunafunga na geti valvu, yaani valvu ya kuzuia maji, kabla ya boya, pamoja na koki ya kumwagia pembeni. Maji yakirudi, funga valvu, fungua koki, yaache yatoke kwenye ndoo nyeupe mpaka uone kitako cha ndoo, ndipo uruhusu tanki lijae. Yale ya mwanzo deki nayo au mwagilia bustani. Tukimaliza kuosha tunapima klorini pia. Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita maji yanapomfikia mteja.

Wenye nyumba, tunawaomba sana: fungueni kundi la WhatsApp la wapangaji, na kila ujumbe wa maji utumeni humo saa ileile. Asiye na simu janja abandikiwe karatasi karibu na mita. Fundi wetu akija atawaachia karatasi hiyo bure, ina nafasi ya kuandika tarehe, saa na tatizo.