Mbona nikisikiliza Beethoven nasinzia?

Hili swali tunaulizwa karibu kila wiki, na anayeuliza huwa anaongea kwa sauti ya chini kama anaungama. Usione aibu bwana, ukiwekewa simfoni ya nusu saa, haina maneno, hujui ushike wapi, utaacha kusinzia? Hata mimi nilisinzia sana tu.

Kwenye vipindi vyetu vya Jumamosi vya kusikiliza muziki pamoja hatuanzi na historia wala kusoma nota. Tuseme ni ile Simfoni ya 5, ile ya ta-ta-ta-taaa, sehemu ya kwanza ni kama dakika 7 hivi. Raundi ya kwanza kazi yako ni kukimbizana na hizo noti nne tu, mara ziko kwa vayolini, mara honi wamezidaka, mara zimezama huko kwenye besi. Raundi ya pili tunakuonyesha pale orkestra nzima inaponyamaza ghafla anabaki oboe peke yake, na oboe ni ndugu yake zumari, ile sauti ya puani unaijua, anaimba kidogo taratibu kama mtu anajiongelesha halafu wenzake wanamrukia tena. Ni sekunde chache sana. Kuna watu wameisikia hii simfoni miaka na huyo jamaa hawajawahi kumsikia, ila ukishamsikia siku moja basi, kila ukiipiga unamsubiri.

Halafu tromboni, yale matarumbeta makubwa yenye bomba la kuvuta. Hao wanakaa sehemu tatu nzima hawapigi hata noti moja (mshahara mzuri huo), wanakuja kuingia sehemu ya nne. Kabla hawajaingia timpani, zile ngoma kubwa za orkestra, inagonga chini chini, chini chini, sehemu ya tatu inaingia ya nne bila kupumzika, unaona kabisa kuna kitu kinakuja. Watu wa Vienna walioisikia mara ya kwanza, 22 Desemba 1808, walikaa kwenye baridi kama masaa manne kwa tamasha zima, na hakuna cha kurudisha nyuma.

Kama umewahi kuimba kwaya we tayari uko mbele. Ukiimba Haleluya ya Handel ukiwa sauti ya tena (tenor), huku besi wana yao na soprano wana yao, sikio lako limeshazoea kushika sauti moja katikati ya nyingi, ndo kazi yenyewe hiyo.

Ukifanya mazoezi nyumbani tafadhali usitumie spika ya simu, selo na besi, zile sauti nene za chini, zinapotea zote, hedifoni za waya za kawaida zinatosha. Kwetu kuna spika mbili kubwa, viti nane na chai ya tangawizi. Ukisinzia hatukuamshi, tunairudia tu.