Ukuta wa jirani nao unaununua

Mhariri,

Matangazo ya nyumba za kuuza husifu jiko jipya, marumaru na idadi ya vyumba. Kwa nyumba iliyosimama peke yake hayo si haba. Kwa nyumba za safu, zile zilizojengwa ukuta kwa ukuta chini ya paa moja, ndiyo mambo ya kutazamwa mwisho. Sisi tunaokagua majengo tunaomba nafasi kidogo tueleze.

Ukibaki na nyumba mbili na bei zinakaribiana, gawa kasoro unazoziona mafungu mawili. Kuna zile utakazotengeneza mwenyewe, kwa fedha yako, siku unayotaka. Na kuna zile ambazo hugusi kitu mpaka jirani akubali, na pengine achangie. Nyaya chakavu, milango iliyopinda na bafu bovu ni fungu la kwanza, hata gharama yake ikitisha. Paa, ukuta wa kati na bomba la maji taka ni fungu la pili, hata kasoro ikionekana ndogo.

Anza na maji taka, maana hapo wengi hawapendi kuinama. Katika safu nyingi bomba moja hupita nyuma ya nyumba zote na kupokea vyoo vyote. Likiziba, anayeumia si lazima awe yule aliyemwaga mafuta ya kupikia au kutupa kitambaa. Maji hurudi nyuma na kutokea kwenye tundu lililo chini kuliko mengine yaliyo kabla ya kizuizi, na mara nyingi hilo ni la nyumba iliyo mwishoni mwa mteremko. Ndiyo maana nyumba ya pembeni, inayopendwa kwa kuwa na jirani mmoja na madirisha ya ziada, inaweza kuwa ndiyo inayopokea uchafu wa safu nzima. Fungua chemba, lile shimo lenye mfuniko la kukagulia bomba. Mmoja atie rangi ya chakula chooni na kuvuta maji, mwingine asimame kwenye chemba aangalie yanakotokea na yanakoelekea. Bomba la milimita 100 linahitaji mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Maji yakiendelea kutuama, mteremko umepotea au kuna kitu mbele. Tazama pia kuta za chemba: uchafu uliokaukia juu ya mfereji unaonyesha kwamba ilishawahi kujaa. Muuzaji hupaka rangi sebule, chemba huisahau.

Kisha panda darini na tochi. Swali la kwanza ni kama ukuta wa kati umepanda mpaka kugusa paa. Ukiishia usawa wa dari, moto, moshi, panya na sauti vitapita juu bila kizuizi, na kuujengea kunataka maelewano na jirani pamoja na hakika kwamba ukuta wa chini utabeba uzito huo. La pili ni mbao. Maji yanayovuja upande wa jirani huteleza juu ya boriti na kudondokea kwako, kwa hiyo doa la dari halionyeshi tundu lilipo. Doa lenye duara moja ni tukio moja. Lenye duara ndani ya duara, kingo za kahawia zikipishana, limelowa na kukauka mara nyingi. Na kama mwenzako wa ukutani alibadilisha paa peke yake, chunguza kiungo cha paa jipya na la zamani, pamoja na uzito: vigae juu ya kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zilizokusudiwa mabati huzifanya zilegee.

Nyufa zinawatia watu hofu kuliko inavyostahili. Ufa mwembamba chini ya milimita 1 kwenye lipu mara nyingi ni lipu yenyewe imekauka. Unaopita milimita 5, au unaofuata ngazi ya viungo vya matofali, au unaoonekana ndani na nje mahali pamoja, mwite mhandisi kabla hujatoa shilingi. Nyumba ya pembeni itazamwe zaidi, kwa sababu ukuta wake wa mwisho hauna wa kuuegemeza. Shusha timazi, yaani uzi wenye kizito mwishoni, kutoka juu uone kama umeinama nje. Ufa wa mshazari uliopanuka juu na kubana chini huashiria kwamba ncha ya jengo inashuka. Nyumba ya katikati yataka swali jingine: je, majirani wa pande zote mbili wamebomoa kuta za ndani? Uzito uliokuwa ukibebwa hapo umehamia mahali fulani.

Unyevu utokao ardhini kwa kawaida haupiti sana mita 1 na huacha ungaunga mweupe wa chumvi. Ukiwa juu zaidi, fikiria gata au bomba. Rangi mpya kwenye ukuta mmoja tu wa chumba ni ya kuulizia.

Kelele haionekani mchana mnapotembezwa na dalali. Rudi usiku, kaa kimya robo saa chumba cha kulala. Ngazi ya jirani iliyofungwa kwenye ukuta wa pamoja husafirisha kila hatua, na soketi zilizotazamana pande mbili za ukuta ni matundu. Sifongo za kubandika hazisaidii. Kinachozuia sauti ni uzito.

Mwisho, hati. Soma mpaka wa kiwanja unapita wapi ndani ya ukuta, nani ana haki ya kupita nyuma, na nani hulipia bomba likiziba. Majibu ya muuzaji kuhusu paa, maji taka na migogoro na majirani yaandikwe na kutiwa saini kabla ya malipo ya awali, si baada yake.

Wasomaji wako, wakaguzi wa majengo