Kwa mpwa wangu: "emulate" si kuiga tu

Mpwa wangu,

Juzi uliniuliza kwenye WhatsApp maana ya "emulate", neno la Kiingereza uliloliweka kwenye barua yako ya kuomba kazi. Nilikuwa nimening'inia mlangoni mwa daladala, nikakujibu neno moja: kuiga. Nimelijutia jibu lile. Hata kasuku huiga.

Waingereza walilichukua neno hilo kwenye Kilatini, karne ya 16. Kule aemulus ni mshindani, mtu asiyepata usingizi kwa kuwa mwenzake yuko mbele. Ndani ya kuiga huko, basi, mna mbio: unamtazama mtu, unamkubali, kisha unataka umfikie, ikibidi umpite. Zamani lilikuwa na sumu zaidi. Katika Julius Caesar ya Shakespeare, ile tamthilia ambayo tafsiri ya Mwalimu Nyerere ilitoka 1963, Artemidorus, anayejua kuwa Kaizari amepangiwa kuuawa, anasikitika kwamba wema hauwezi kuishi ukaepuka meno ya "emulation". Hapo ni husuda tupu, na majambia yako njiani. Siku hizi sumu imepungua, pongezi ndizo zimebaki.

Nasi tunalo letu: ghera. Limetoka kwenye Kiarabu, na huko pia ni wivu. Lakini anayekutia ghera hajakuonea kijicho, amekuchochea moto. Ninyi mnasema wivu wa maendeleo. Sawa, ila mimi ghera naipenda zaidi.

Mfano unao nyumbani. Mama yako alipotaka kujua vitumbua, alikaa kwa jirani asubuhi nzima akitazama mchele unavyosagwa, tui linavyomiminwa, kijiti kinavyogeuza kwenye chuma. Mwezi uliofuata akaanza vyake, akazidisha iliki. Wateja wakahamia kwetu. Jirani hakutusalimu mpaka Ramadhani. Neno zima lilikuwa pale, na meno yake.

Zile gemu za PlayStation unazocheza kwenye simu zinapita kwenye "emulator", programu inayoifanya simu iige mashine ya PlayStation; neno ni hilohilo. IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, walikuwa nalo tangu miaka ya 1960, kompyuta zao mpya za System/360 zilipotakiwa kuendesha programu za mashine zilizozitangulia.

Sasa barua yako ya kazi. Pale unapomtaja yule fundi aliyekufundisha nyaya, liache "emulate", limekaa. Pale kwenye ripoti ulizonakili kwenye faili la zamani, lifute kabla hujatuma. Msalimie mama, ila habari za vitumbua usimkumbushe.

Mjomba wako