Si kila anayeyumba kalewa

Mhariri,

Wapo wagonjwa wa baipola, maradhi ya akili ya hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, wanaoruka dozi ya litiamu, dawa yao ya kutuliza hisia, siku ya kunywa pombe, wakidhani wanajikinga. Wanakosea. Pombe hukojoza na kupunguza maji mwilini, na litiamu iliyomezwa siku zilizotangulia huweza kupanda kwenye damu. Mikono hutetemeka, mtu hutapika, huharisha, huyumba, ulimi unakuwa mzito. Jamaa husema kalewa tu, aachwe alale. Asiachwe! Apelekwe hospitali akapimwe kiwango cha litiamu kwenye damu: kwa kawaida hutakiwa milimoli 0.6 hadi 1.0 kwa lita, na kupita 1.5 ni hatari.

Mnywaji mzito wa kila siku naye asiache ghafla bila daktari. Degedege huweza kumshika ndani ya saa 48.

Wauguzi wa afya ya akili